Kapteni Nyangeta na Pipa la Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini, uwanja wa ndege wa Musoma, nilikabidhiwa fimbo. Sikupewa sare wala kofia. Mzee Wambura, aliyekuwa akikaribia kustaafu, alinipeleka katikati ya changarawe, akanionyesha ng'ombe waliokuwa wakila majani pembeni. "Usikimbizage wote," akasema. "Tafuta lile jike zee linalotangulia. Ukiligeuza hilo, mengine yanafuata. Ukikimbiza wote wanatawanyika, na ndege ndiyo hiyo inashuka."

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya ardhini, ninyi mnaovaa vizibao vinavyong'aa na kujaza ndege kwa gari lenye mita. Wengi mnanijua kama yule babu wa Buhare anayekuja kukaa karibu na uzio na kukosoa. Ni kweli nakosoa. Nina sababu, na leo nitaisema. Simulizi hii haina mwisho mzuri, na aliyeuharibu huo mwisho ni mimi mwenyewe, kwa hiyo msitegemee nijisifu sana.

Sisi mafuta yalitujia kwa mapipa, kwa lori kutoka Mwanza, yakija. Vifaa vyetu vilikuwa pampu ya mkono, faneli, waya wa kuunganisha pipa na ndege ili cheche isiruke, na ngozi laini ya kuchujia. Ngozi hiyo ilikuwa kitu cha ajabu: ikishalowa mafuta inapitisha mafuta na kukataa maji. Ilipochakaa tuliandika barua Dar es Salaam kuomba nyingine. Tuliandika tena. Hiyo ilikuwa miaka ya foleni, sabuni foleni, sukari foleni, kipande cha khanga mpaka upate kibali, basi nani angekumbuka ngozi ya Musoma? Ngozi ikatoboka, tukachujia kitambaa. Kitambaa kinazuia mchanga. Maji hakizuii.

Mnadhani natia chumvi kuhusu miaka ile. Mfuko wetu wa kuonyesha upepo unavumia wapi, ule wenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeupe, uliibwa mlingotini. Wiki mbili baadaye mkuu wa kiwanja akiwa mnadani Bunda akamwona kijana kavaa kaptura ya mistari ya chungwa na nyeupe, imeshonwa vizuri na mifuko miwili. Alirudi akacheka mpaka akakaa chini. Hakumfanya kitu, na angemfanya nini? Mtu alikuwa uchi, akaona kitambaa kinapeperuka bure.

Aliyetuokoa safari hiyo alikuwa Kapteni Nyangeta. Alichukua gunia la sukari, akalishona kwa mkono, akalipaka mistari kwa rangi iliyobaki kwenye ndoo za zimamoto. Gunia lile lilining'inia miezi mingi, na rubani mmoja mgeni aliuliza kama hiyo ndiyo bendera ya mkoa.

Nyangeta alikuwa mwanamke wa Kibara, binti wa wavuvi na wakulima wa pamba. Urubani aliusomea enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika, wakati ambapo hata mwanamume mwenye cheti cha urubani watu walitoka nje kumwangalia. Alirusha ndege ndogo ya injini moja iliyobeba dawa, chanjo na wagonjwa wa visiwani. Mfupi, mwenye sauti kubwa, mtu wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Hakuvumilia uzembe hata kidogo. Siku aliponikuta nimeketi juu ya pipa navuta sigara alininyang'anya ile sigara, akaenda nayo mpaka barabarani, akaizimia huko, akarudi. "Magesa," akasema, "mimi nataka kufa mzee, kitandani, nikiwa nimegombana na wajukuu. Wewe je?" Sikuvuta tena uwanjani.

Kitu cha pili alichokipenda, baada ya kurusha ndege, ni kuchora. Alichora kwenye vifuniko vya mapipa, kwenye mbao za masanduku ya dawa, kwenye ukuta wa stoo yetu. Karatasi hazikuwepo na rangi hazikuwepo, hata buluu ya kufulia ilipotea madukani. Akatumia masizi, udongo mwekundu wa kichuguu, majivu, na mafuta machafu ya injini. Utaalamu huo wa udongo aliupata kwa mama yake. Mama yule alikuwa akiitwa nyumba hadi nyumba kule Kibara kusiriba kuta na kuzipamba kwa udongo wa rangi, na Nyangeta tangu mdogo ndiye aliyemchanganyia. Tofauti ni kwamba mama alichora maua na mistari, binti alichora nchi kama inavyoonekana kutoka juu. Mashamba ya pamba, maboma ya ng'ombe, ghuba na visiwa. Wengi walitazama wakasema ni madoa tu.

Mimi nami nilisema ni madoa. Akaniuliza, "Umeshawahi kupanda?" Nilikuwa nimejaza ndege miaka saba bila kupanda hata moja. Akanipakia siku hiyo hiyo kwenda Bunda kupeleka chanjo. Nilitapika ndani ya kofia yangu kabla hatujamaliza kupita juu ya mji. Yeye anaimba. Halafu akailaza ndege upande mmoja akasema, "Fungua macho, hapo chini ni Buhare, kwenu si ni pale kwenye mkuyu?" Nikafungua. Nikaona nyumba yangu, ndogo kama kibiriti, na bati moja la nyuma limeng'oka, halipo, mtu kalichukua! Nilipiga kelele za hasira angani. Nyangeta alicheka akatokwa na machozi. Lakini niliporudi chini na kusimama tena mbele ya ule ukuta wa stoo, niliona. Hayakuwa madoa. Ilikuwa Mara yetu yote, na mimi nilikuwa nimeiegemezea ufagio.

Sasa nije kwenye mafuta.

Mafuta ya ndege yetu yalikuwa na rangi ya buluu hafifu sana. Chini ya kila bawa kuna koki ndogo. Baada ya kujaza unasubiri maji yashuke, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta, halafu unafungua koki na kukinga kwenye glasi. Kukiwa na maji kidogo utaona mstari, maji chini, mafuta juu. Hiyo ni rahisi, kila mtu anaiona. Hatari iko pale glasi nzima inapokuwa maji. Hapo hakuna mstari. Kila kitu ni sawasawa, safi, kinapendeza. Na sisi tuna tabia gani? Tunainua glasi juu kuiangalia. Nyuma yake ni mbingu ya ziwani, asubuhi, haina wingu. Maji yanachukua rangi ya mbingu, nawe unasema, naam, buluu.

Hilo alinifundisha Nyangeta, na alinifundisha kama mchoraji. "Rangi haikaagi peke yake," alisema. "Inakopa kwa jirani yake. Ukitaka kuijua rangi ya kitu, kiweke juu ya cheupe." Akaniletea sahani nyeupe ya bati, ya kulia, yenye ukingo wa kijani. Kila glasi niitulize juu ya sahani ile niitazame kutoka juu. Mafuta yanaonyesha ubuluu wake, maji hayaonyeshi kitu. Mtasema, si unuse tu? Mtu aliyeshinda na petroli miaka kumi pua yake imeshakufa. Mimi hata ugali ulininukia petroli.

Kwa kawaida yeye mwenyewe pia alipima baada yangu. "Macho yako na yangu," alisema. Tulifanya hivyo miaka minne bila kuacha.

Jioni moja walikuja wageni nyumbani kwangu, mama mkwe na shangazi wa mke wangu, kutoka upande wa Butiama. Nyumbani tulikuwa na sahani moja nzima, na ilikuwa na ufa. Mke wangu akanitazama. Nami nikarudi uwanjani, nikachukua ile ya Kapteni, nikaiosha mara tatu, mama mkwe akala samaki kwenye sahani ya heshima. Nilipanga kuirudisha alfajiri.

Alfajiri mke wangu alikuwa ameteremka ziwani kuchota maji pamoja na watoto, na sahani imo ndani, na ndani amelala mama mkwe. Ninyi wa siku hizi mnakaa na wakwe kochi moja mnaangalia mpira. Kwetu mwanamume haingii alipolala mama wa mke wake. Sikuweza hata kubisha. Nilizunguka nyumba yangu mwenyewe kama mwizi, nikakohoa, nikasubiri, kisha nikaondoka kwenda kazini mikono mitupu.

Saa moja asubuhi redio ya upepo, ile ya kuongea na visiwani, ikaita. Kuna mama kisiwani, upande wa Ukerewe, uzazi umekwama tangu jana yake. Nyangeta akaja mbio akifunga viatu. Tangi la kushoto lilikuwa na mafuta kidogo ya pipa la zamani. La kulia nilikuwa nimelijaza kutoka pipa la mwisho tulilokuwa nalo. Na pipa hilo, sikilizeni vizuri, nilikuwa nimeliacha limesimama wima nje ya stoo wiki nzima ya mvua. Pipa hulazwa ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja ndani ya mafuta. Ukilisimamisha, maji ya mvua yanatuama juu ya kifuniko, na usiku pipa linapopoa linayavuta ndani kupitia kizibo. Nililijua hilo. Nilikuwa nimelifundisha kwa wengine. Lakini kizibo kimoja kilikuwa kinavuja nikililaza, na mafuta yalikuwa dhahabu, nikaona bora lisimame.

Nilikinga glasi chini ya bawa la kulia. Nikaiinua. Buluu.

Akaniuliza huku anapakia begi la vifaa vya uzazi, "Umepima, Magesa?"

"Nimepima, Kapteni."

"Kwenye sahani?"

Niliona aibu. Hilo ndilo jina lake halisi, msitafute jingine. Niliona aibu kusema chombo cha kazi kiko nyumbani kwangu, mkwe kakitumia kula samaki. Nikasema, "Ndiyo."

Akanipiga bega. "Basi leo macho yako yanatosha." Akapanda.

Aliruka vizuri, kwa tangi la kushoto, lenye mafuta. Ilikuwa desturi yake akishatulia angani, kama baada ya dakika ishirini, kuhamia tangi la kulia. Dakika ishirini kutoka Musoma kwa njia ile zinakuweka juu ya Kibara.

Watu wa Kibara walimzoea. Kila akipita kwao alishuka kidogo, akatikisa mabawa juu ya ua wa mama yake, watoto wakakimbia wakipunga. Siku ile walimwona anashuka tena, na watoto wakapunga. Alikuwa anaenda moja kwa moja kwenye uwanda ambako wanawake walikuwa wameanika dagaa, mahali pekee palipo tambarare. Akawaona. Akapinda kuelekea kwenye mawe.

Mgonjwa wa kisiwani alipakiwa kwenye mtumbwi. Sikuwahi kujua yaliyomkuta, na miaka yote sikuthubutu kuuliza.

Habari ilipofika, mimi nilikwenda nyuma ya stoo. Nikaingiza mpira kwenye lile pipa, nikavuta kutoka chini kabisa, nikakinga kwa kopo. Maji, kopo zima. Nikavuta tena. Maji. Kisha nikafanya jambo ambalo nimeliona kila nikifumba macho tangu siku hiyo: nililiangusha pipa lile, nikalifungua vizibo, nikayaacha yote yamwagike majanini.

Wakaguzi walichukua siku kadhaa kufika, hapakuwa na gari wala mafuta ya gari. Walipofika Kibara hawakukuta ndege. Mabawa yalishakatwakatwa, yamekwenda kwa mafundi wa kuyeyusha, na huenda kuna nyumba Bunda hadi leo wanapikia sufuria zilizotoka kwenye ndege ile. Siwalaumu, sufuria hazikuwepo madukani. Basi wakaguzi wakabaki na maneno ya watu tu. Mvuvi mmoja alisema injini ilikuwa kimya inashuka. Wengine kumi walisema alikuwaga anacheza cheza hapo juu ya kwao, ni kawaida yake. Wakaniuliza mimi kama nilipima mafuta. Nikasema nilipima. Wakaandika.

Mkuu wa kiwanja akarudi na habari ya kilichoandikwa: rubani alishuka chini mno bila sababu. Mjini wakaongeza yao. Mwanamke kupewa ndege, mlitegemea nini. Alikuwa anatafuta picha ya kuchora. Niliyasikia vilabuni, niliyasikia kanisani, na kila mara nilitazama chini. Nilikuwa na watoto wanne. Kazi ikipotea mwaka ule ulikuwa hupati nyingine, ulikuwa unarudi kulima na jembe halipo dukani. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa ya kweli, lakini marehemu hajitetei, nami ndiye niliyekuwa shahidi wake pekee.

Mama yake alinifuata. Alitoka Kibara kwa lori la pamba mpaka Bunda, kutoka Bunda akaja Musoma, mtu mzima vile, amejifunga kitambaa cheusi. Alinikuta uwanjani na fimbo yangu. Akakaa chini kwenye changarawe, nikakaa.

"Baba," akaniambia, "wewe ndiye ulikuwaga unamhudumia ndege yake. Aliniambiaga habari zako. Naomba uniambie ukweli. Mwanangu alikuwa anacheza?"

Vijana, mtu huyo hakuja na polisi. Alikuja na swali moja.

Nikasema, "Sijui, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepimiwa alichotegemea. Akanishukuru. Akapanda lori akarudi.

Miaka ikapita, mambo yakafunguliwa, maduka yakajaa. Sahani zikawa mlima sokoni, nyeupe, za maua, za kila aina, na mimi nikizipita nikitazama pembeni. Zikaja ndege za watu binafsi, wafanyabiashara wa minofu ya samaki, watalii. Na serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Mimi nilikuwa kwenye orodha ya kwanza. Kazi niliyoilinda kwa kuacha jina la Nyangeta lichafuliwe nilinyang'anywa kwa barua ya mistari mitatu. Nilirudi uwanja ule ule kama kibarua wa kampuni moja ndogo, nikajaza ndege mpaka mgongo ulipokataa. Kila glasi niliiweka juu ya cheupe, na marubani vijana walinisifu kwa umakini. Sifa hizo zilikuwa zinanichoma.

Mwaka niliostaafu nilipanda gari kwenda Kibara. Nilitaka kumwambia yule mama. Nilimkuta kaburini, miaka miwili tangu azikwe. Aliyenipokea ni mdogo wake Nyangeta, Sabina, mwanamke mwenye mvi, muuza dagaa. Nyuma yake ilikuwa nyumba ya mama yao. Niliambiwa zamani kwamba ndani Nyangeta alikuwa ameichora ghuba yote ukutani. Niliuliza kama ninaweza kuiona. Sabina akasema haipo, mama aliisiriba kwa mavi ya ng'ombe wiki ile ile aliporudi kutoka Musoma.

Nikamweleza yote. Pipa, mvua, mkwe, sahani, lile "ndiyo" langu, lile "sijui" langu. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, na mikono yake haikusimama mpaka nilipomaliza.

"Mimi nilikuwa kidato cha pili," akasema. "Hesabu nilikuwa naziweza kuliko wavulana. Dada alikuwa amesema atanitafutia nafasi ya urubani. Mama aliporudi kutoka kwako alinitoa shule. Akasema hatazika wawili kwa mchezo."

Nilivua kofia nikaiweka gotini.

"Lakini hilo ni langu, babu, nimeshalizoea. La mama ndilo sijui utalifanyaje. Kila Jumapili alikuwaga anasimama kanisani kumwombea dada msamaha. Kwamba alichezea uhai, kwamba alichezea ndege ya wagonjwa. Alizeeka anamwombea. Siku ya kufa kwake alisema, nimemsamehe Nyangeta, na Mungu amsamehe. Amekufa anamsamehe mtu ambaye hakukosa."

Niliomba anisamehe mimi. Akaweka ungo chini akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mimi leo siwezi," akasema. "Labda siku nyingine. Wewe nenda ukaseme kwa wale uliowaacha wanaamini."

Wengi wao wameshakufa. Mmebaki ninyi, mliolisikia jina lake kama mzaha wa rubani mwanamke aliyeanguka akichora. Basi lisikieni kwangu. Kapteni Nyangeta hakuwa anacheza. Alikuwa kazini, injini ilizimika kwa maji niliyomtilia mimi, na kwa muda uliomsalia aliwakwepa wanawake waliokuwa wanaanika dagaa. Kabla ya kupanda aliniuliza swali lililopaswa kuulizwa, na mimi nikamdanganya.